Kadzo na Ndege za Shangazi Rukia

Wenzangu mliolelewa Changamwe miaka ile mtanielewa nikisema kwamba kunyamaza hatukufunzwa na walimu, tulifunzwa na ndege. Nyumba zetu za Magongo zilikuwa karibu sana na uwanja wa ndege. Ndege kubwa ikija kutua mabati yalitetemeka, vikombe vikagongana kabatini, na aliyekuwa akizungumza alikata maneno katikati, akangoja, kisha akaendelea palepale alipoachia kama kwamba hapakupita kitu. Mwalimu wa hesabu alifanya hivyo. Imamu alifanya hivyo kwenye mawaidha ya Ijumaa. Mamangu alifanya hivyo hata akinigombeza, kidole kimesimama hewani, nami kimoyomoyo nikiomba ifuatie nyingine.

Tulikuwa watoto wa vumbi. Malori ya bandarini yalipita mchana kutwa, na upepo ukigeuka tulinusa mafuta mpaka ndani ya chakula. Tukitoka chuo cha Kurani baada ya alasiri tulibakiwa na muda mchache kabla ya magharibi, na muda huo hatukuupoteza. Midomo myekundu kwa mabuyu, vidole vikinuka achari ya embe, tulikimbilia kiwanja cha kisima kilichokuwa nyuma ya nyumba yetu tukachora njia ya kutulia ndege kwa mkaa. Wengine walikuwa ndege, mikono wameitandaza, wakinguruma kwa midomo hadi mate yakawatoka. Mmoja alikuwa mnara. Mnara alisimama juu ya pipa lililopinduliwa, akiwaambia ndege nani atue na nani azunguke kisima tena. Kila mtoto alitaka kuwa ndege. Kuwa mnara hakuna aliyetaka isipokuwa Kadzo.

Kadzo alikuwa jirani yetu na rika langu. Mamake alikuwa akiuza mihogo ya kukaanga na chatine ya pilipili kando ya barabara ya uwanja. Asili yao ni Kaloleni, watu wa kanisa, nasi ni Waislamu, lakini Idd alikula biriani kwetu mpaka akalegea, na Krismasi mimi nilikula kwao chapati na kuku. Kila mwaka mamangu alinikumbusha, "Uliza kuku amechinjwa na nani," na kila mwaka Mama Kadzo alikuwa ameshamwita babangu asubuhi aje amchinje mwenyewe.

Hakuwa na sauti kubwa, Kadzo. Ilikuwa nzito kidogo kwa msichana, kavu, haina haraka. "Juma, zunguka. Bahati, shuka. Mishi, ngoja papo hapo." Nami nikangoja. Hata wavulana wakorofi, wasiosikia la mama wala la mwalimu, waliganda kisimani mikono hewani mpaka awaruhusu.

Alikuwa pia na sikio bovu, la kulia. Lilikuwa likitoka usaha, na jioni mamake alimlaza mapajani akamtilia mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, kisha akaliziba kwa pamba. Watoto wengi pale mtaani walikuwa na masikio kama hayo. Alipokua kidogo usaha ulikauka, pamba ikatupwa, na sikio likasahauliwa.

Sasa nifike kwa Shangazi Rukia, maana bila yeye sote tungebaki kwenye pipa.

Shangazi Rukia alikuwa dada mkubwa wa babangu. Aliolewa, akaachika, hakujaaliwa mtoto, akarudi Magongo na cherehani yake. Cherehani akaiuza, akafungua saiba, chumba cha kompyuta za kukodisha. Nilipomweleza mwanangu juzi kwamba tulikuwa tukipanga foleni kwenye saiba ili tusome barua pepe, aliniuliza kwani simu zilikuwa zimeharibika. Nikamwacha. Nitaanzia wapi kumweleza chumba kile? Kompyuta zimetengwa kwa mbao ili mtu asichungulie ya mwenzake, pazia la maua mlangoni, feni yenye kelele kuliko upepo, na asubuhi Shangazi akipitisha chetezo cha udi nyuma ya kila mashine, akisema nazo zina jicho la watu.

Mojawapo ya kompyuta zile aliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akihama Shanzu. Ndani yake mlikuwa na mchezo wa kurusha ndege, kila kitu kama kweli: vipimo, vishikio, mawingu, hata mvua ikigonga kioo. Fundi alitaka kuufuta ili mashine iwe nyepesi. Shangazi akamwambia auache kwanza autazame. Akautazama, na hakuacha tena kuutazama.

Huyu ni mtu ambaye hakuwahi kupanda ndege. Safari yake ndefu kabisa ilikuwa kwenda Lamu kwa basi, akatapika njia nzima. Lakini adhuhuri wateja wakipungua, alijifunga leso kichwani, akavaa miwani, akairusha ndege ya abiria kutoka Mombasa hadi Unguja. Akitua alisema "Alhamdulillahi!" kwa sauti kubwa hata mtu aliyekuwa akichapa barua ya kuomba kazi akafuta mstari mzima kwa kushtuka.

Mtandao wa kasi ulipofika Magongo, Shangazi akagundua kwamba huko angani hayuko peke yake. Kulikuwa na watu wa nchi mbalimbali walioungana kwenye mchezo uleule, wakirusha ndege zao katika anga moja na kusikizana kwa hedifoni. Na walikuwako wengine ambao hawakurusha chochote. Hao walikuwa waongozaji. Walikaa mbele ya kioo cheusi chenye vidoti, kila kidoti ndege ya mtu, wakiiambia hii ipite wapi, ile ishuke lini, nyingine ingoje. Wengi walikuwa wakifanya mazoezi tu, kwa mapenzi. Nchi kwa nchi, mji kwa mji, walijipangia zamu.

"Dar yuko mtu," Shangazi alisema siku moja, miwani imemshuka puani. "Nairobi yuko mtu. Mombasa hamna! Aibu gani hii?"

Kadzo nami tulikuwa kidato cha kwanza. Tulipita pale kila tukitoka skuli, Shangazi akitupa sharubati ya ukwaju, nasi tukimsaidia kutoa fotokopi.

"Kadzo!"

"Abee, Shangazi."

"Si wewe uliyekuwa ukiwasimamisha wenzio kisimani?"

"Ni mimi."

"Haya, njoo ukae hapa."

Na akanivuta na mimi, kwa kuwa Kadzo hakuenda mahali bila mimi.

Hawakukuacha uongoze ndege hivi hivi. Ilibidi ufunzwe na mtu wao, kisha upewe mtihani. Sisi tulipangiwa mzee mmoja wa Denmaki, Bwana Jens, aliyestaafu na kukaa peke yake, akitufunza kwa sauti tu bila kutuona. Kiingereza chetu kilikuwa cha Magongo, lakini Shangazi alitutia moyo kwamba cha Bwana Jens nacho kilikuwa cha kubahatisha. Hedifoni tulikuwa nayo moja, na upande mmoja wake ulikuwa umekufa. Tulipokezana. Mimi niliweka upande mzima sikio la kulia, Kadzo la kushoto, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Bwana Jens alitufunza kusema kwa ufupi, kutaja upepo na urefu, kuacha nafasi ya kutosha kati ya ndege na ndege. Zaidi ya yote alitufunza kusikiliza. Ukimpa rubani agizo, lazima alirudie kwa kinywa chake, nawe lazima usikie kama alivyorudia ndivyo ulivyosema. "Ndege haianguki kwa ulilosema," alikuwa akituambia. "Huanguka kwa ulilodhani amesikia."

Mimi sikuweza. Niseme kweli, nilijitahidi, lakini nikipata ndege tatu nilianza kutoka jasho, na ya nne nikaisahau angani mpaka rubani akauliza kwa adabu kama bado nipo. Kadzo alikuwa mtu mwingine. Aliketi kama aketivyo mtu anayechambua mchele. Alitazama vidoti kwa kitambo, akajua vitakutana wapi kabla havijakaribiana, kisha akasema maneno mawili matatu na kila kitu kikajipanga. Siku aliyopita mtihani wake Bwana Jens alimwambia Shangazi, nami nilisikia kwa kuwa nilikuwa nimebandika sikio kwenye hedifoni ileile, "Huyu sikumfundisha. Nilimpa tu majina ya vitu alivyokuwa akivijua."

Nyumbani hawakutuelewa. Mamangu alisema, "Kazi haina mshahara, wenyewe hawana sura, na sahani ziko karoni." Mama Kadzo yeye aliuliza kwa wasiwasi wa kweli, "Hao watu mnaowashusha, wakishashuka wanalala wapi?"

Siku ninayoikumbuka kuliko zote ni Jumamosi moja tulipokuwa kidato cha tatu. Bwana Jens na wenzake walitangaza kwamba alasiri hiyo marubani wote wanaopenda waje Mombasa. Wakaja. Kioo kilichokuwa na vidoti viwili vitatu kilijaa kama sinia lenye ufuta. Walikuja wa Ujerumani, wa Brazili, wa Uhindi, wa Afrika Kusini, kila mmoja na lafudhi yake, wote wakitaka kutua kwenye uwanja uleule ambao ndege zake za kweli zilikuwa zikipita juu ya bati letu. Shangazi alifunga duka, akaandika mlangoni kwamba kuna shughuli, na watu wakadhani kuna harusi. Watoto wa mtaa walijipanga dirishani. Mama Kadzo aliacha mihogo yake kwa jirani akaja kusimama nyuma ya kiti cha bintiye, mikono imejaa unga.

Kadzo aliweka hedifoni sikioni, akanyoosha mgongo, akaanza. Huyu ashuke, yule apunguze mwendo, wewe zunguka kusini ungoje. Mimi kazi yangu ilikuwa kumpangusia jasho na kumnywesha maji kwa mrija. Katikati ya msongamano ule akaingia mvulana mmoja, sauti yake ya kitoto, amepotea mawinguni, karibu alie. Wengine walianza kumcheka redioni. Kadzo akawaambia wanyamaze, kwa adabu, neno moja tu, wakanyamaza. Kisha akamwuliza yule mtoto anaona nini mbele yake. Akamgeuza pole pole kushoto, akamshusha kidogo, akamwambia sasa atazame chini ya bawa, ataona maji, na baada ya maji ataona taa. Mtoto akasema, "Naziona! Naziona!" Dirishani watu walipiga vigelegele.

Na wakati huohuo, kwenye kompyuta ya pembeni, ambayo fundi alikuwa ameitilia mchezo uleule, Shangazi Rukia naye alikuwa akirudi kutoka Unguja, amewekwa kwenye foleni nyuma ya Mjerumani. Alizunguka, akazunguka. Mwishowe uvumilivu ukamwisha, akavuta kipaza sauti cha mezani, akabonyeza kitufe, na Kiswahili cha Mombasa kikasikika dunia nzima:

"Kadzo mwanangu, nshushe mimi, wali waungua!"

Kadzo hata hakugeuza kichwa, ingawa walikuwa wametengwa na ubao tu. Akamjibu redioni, kwa sauti ileile aliyowasemesha wote, "Shangazi, subiri zamu yako."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Mama Kadzo alijifuta machozi kwa mikono ile ile akajipaka unga uso mzima. Shangazi alisubiri zamu yake, akatua, wali ukaungua kweli, tukaula ukoko kwa samaki wa kupaka. Pale ukumbini, tumekaa mkekani tukila, ndipo aliposema lile neno. "Siku nitakayopanda ndege ya kweli," alisema, "nataka kujua kwamba aliyeko kule juu ya mnara ni mtoto wangu huyu." Niliona Kadzo alivyoacha kutafuna.

Tangu siku hiyo mchezo ulikuwa na mahali unapokwenda. Shangazi aliulizia, akapata habari za chuo cha huko Nairobi kinachofunza waongozaji wa kweli, masomo yanayotakiwa, umri, kila kitu. Kadzo alisoma kama mtu anayefukuzwa. Alipomaliza kidato cha nne alifaulu vizuri, akaomba nafasi, akaitwa kufanya mtihani. Shangazi alimshonea suti ya buluu kwa cherehani ya kuazima. Mamangu, yule aliyekuwa akisema kazi haina mshahara, alimpikia kisamvu cha njiani na kumsomea dua mlangoni, na Mama Kadzo akamwombea kwa Yesu palepale, na Kadzo katikati yao ameinamisha kichwa akipokea zote mbili.

Alirudi baada ya siku chache. Hakupitia kwao, alishuka basi akaja moja kwa moja saiba, begi begani. Nilikuwa nikimhudumia mteja. Nilimtazama usoni nikadhani ni uchovu.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Haya, lete habari."

"Mtihani nimepita. Mahojiano nimepita." Aliweka begi chini. "Kwenye kupimwa ndiko nilikoanguka. Sikio hili la kulia halisikii."

Shangazi alicheka kidogo, kama mtu aliyeambiwa mzaha asiouelewa. "Halisikii vipi? Miaka yote hii si wewe unayesikia mpaka Brazili?"

"Nasikia kwa la kushoto. La kulia ni kidogo sana. Wamesema lazima yote mawili."

"Na wewe ulikuwa ukijua?"

Kadzo alifikiri kwanza kabla ya kujibu. Hivyo ndivyo alivyokuwa siku zote. "Nilikuwa najua moja ni zima kuliko jingine. Nilidhani kila mtu ana sikio moja la kazi, Shangazi. Kama mkono."

Shangazi hakukubali kwa urahisi. Alimchukua yeye na mamake wakaenda kwa daktari wa masikio mjini, nami nikafuatana nao. Daktari alikuwa mtu mpole. Alitazama kwa taa yake, akapima, akapima tena, akasema vijifupa vya ndani vimeliwa na ule ugonjwa wa usaha. Lingetibiwa alipokuwa mdogo, alisema, lisingefika hapo. Sasa lingeweza kusaidiwa kidogo, ila si kwa kiasi wanachotaka wale wa Nairobi. Hakumlaumu mtu. Lakini Mama Kadzo alishika kitambaa chake cha kichwani kwa mikono miwili, akasema, "Mimi nilitia mafuta. Kila jioni nilikuwa nikitia mafuta." Akayarudia maneno hayo tena tukishuka ngazi, na tena kwenye kivuko cha barabara, hasemi na mtu yeyote.

Shangazi naye alikuwa na lake. Jioni ileile aliichukua ile hedifoni yenye upande mmoja, akaigeuzageuza mkononi. "Ningenunua nzima," aliniambia, "tungejua mapema. Alipokuwa kidato cha kwanza tungejua. Nilikuwa nikisema mwezi ujao, mwezi ujao." Nilimwambia pengine hata hapo ingekuwa tayari tumechelewa. Sijui kama ni kweli. Hata leo sijui.

Kisha akanigeukia mimi. "Nenda wewe, Mishi. Wewe masikio yako mazima."

Nilikataa. Nilikuwa na masikio mawili mazima na sikuwa na kitu kingine. Nilizijua ndege zangu tatu na ile ya nne iliyosahauliwa. Shangazi hakunishurutisha, ila niliona jinsi alivyonitazama, akaacha kunitazama.

Mambo yalipoa hivyo, bila ugomvi. Kadzo alikuja saiba mara mbili tatu, akatoa fotokopi, akanywa sharubati, kompyuta ile ya ndege sikumwona akiikaribia. Shangazi alirusha ndege wiki kadhaa, kisha akasema macho yanamuuma. Bwana Jens aliandika kuuliza habari zetu. Shangazi alimjibu kwamba Kadzo ana shughuli za masomo, Bwana Jens akaandika tena akauliza, na mara ya tatu hapakuwa na wa kumjibu. Kadzo akapata kazi kwenye hoteli moja Shanzu, kitengo cha kupokea simu, akahamia Magogoni ili awe karibu. Mimi nikaingia kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Mwanzo tulitembeleana kila Jumapili. Halafu kila mwezi. Halafu zikawa salamu za Idd na Krismasi kwenye simu, picha ya keki, picha ya mtoto, maua.

Saiba nayo ilikufa pole pole kama zote. Watu walipata simu za kupapasa, wakaacha kuja. Mwishowe Shangazi alibaki akichapa barua za chama cha mazishi, kisha akafunga, na chumba kile sasa ni duka la kuuza mitungi ya gesi.

Shangazi Rukia alipanda ndege. Sikutaka kulisimulia hili lakini bila hili habari haikamiliki. Moyo wake ulivimba, hospitali ya hapa ikashindwa, tukachanga ukoo mzima ili apelekwe Nairobi haraka. Nilisafiri naye mimi. Tulipita kwenye ule ule uwanja uliotulea, yeye kwenye kiti cha magurudumu, leso yake mpya, miwani yake. Nilimwombea kiti cha dirishani. Ndege ilipokwenda kuruka nilimshika mkono nikangoja aseme kitu. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. Tukapaa. Chini palikuwa Magongo, mabati yetu yote yanang'aa, nikamwambia, "Shangazi, tazama, kwetu kule." Hakutazama. Aliendelea kusikiliza.

Baada ya kitambo akaniuliza, "Hawazungumzi?"

"Nani?"

"Rubani na mnara. Siwasikii."

Nilimweleza kwamba yale mazungumzo huwa ni ya kule mbele tu, sisi huku nyuma hatuunganishwi. Alinitazama kwa mshangao mkubwa, mwanamke aliyekuwa ametua Unguja mara zisizo na idadi.

"Kumbe abiria hasikii kitu," alisema. Akafumba macho, na hakuyafumbua tena mpaka tulipotua.

Alirudi Mombasa kwa gari, amefunikwa.

Kadzo alikuja kwenye matanga. Alikaa na wanawake jikoni akimenya vitunguu siku zote za matanga, akalala kwetu, na tukaanza tena kuongea kama tulioachana jana. Tangu hapo nimekuwa nikienda kwake Magogoni siku nikipata nafasi. Ana watoto wawili, mume mpole anayefanya kazi ya umeme, na sauti ileile. Nikimpigia hotelini kikazi huniambia "Subiri kidogo" na mimi, mtu mzima na nywele zangu zimeanza kubadilika, hubana pumzi.

Mara ya kwanza nilipomtembelea baada ya matanga nilimweleza lile lililokuwa kooni mwangu. Mwanangu ameniomba mchezo wa kurusha ndege, nami katika kutafuta nimegundua kwamba ule mtandao wetu upo bado. Watu bado wanarusha, wengine bado wanajifunza kuongoza, na Mombasa aghalabu hakuna mtu.

"Na kule hawampimi mtu masikio," nikamwambia.

Alikuwa akikuna nazi. Alikuna mpaka akamaliza kifuu, akakiweka chini.

"Najua," alisema. "Ndilo linaloniuma zaidi, Mishi. Nairobi walinikataa. Wale wa mchezoni hawakunikataa. Nimewaacha mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu niliporudi, niliketi pale mara moja wewe ukiwa umeenda dukani. Nikavaa hedifoni. Mtu mmoja akaniita, akataka kutua. Nikakitazama kile kidoti chake, nikaona ni mchezo tu." Alichukua kifuu kingine. "Kabla ya hapo haukuwa mchezo."

Huwa nalifikiria neno lake hilo ninapomtazama mwanangu, amelala chali kitandani, anairusha ndege kwa kidole gumba huku mkono wa pili unakula viazi vya pakiti. Ndege ikianguka hashtuki. Anabonyeza, inapaa nyingine. Ana michezo mingi kwenye ile simu kuliko nyumba zote za Magongo zilivyokuwa na vitu vya kuchezea, naye anajua kila mmoja ni mchezo. Namwambia enzi zetu tulikuwa na kompyuta moja na hedifoni nusu, na ndege ikichelewa kutua watu wazima walisimama dirishani wakaomba Mungu. Anasema, "Pole, Mama," kama kwamba ninamsimulia njaa.

Nilimwomba Kadzo siku ile tuifungue kompyuta yangu ya kubeba, nilikuwa nayo kwenye mkoba, nimeshaweka kila kitu tayari na hedifoni mpya nimenunua.

"Siku nyingine," alisema, akainuka kwenda kuwapakulia watoto.

Nimekwenda Magogoni mara nyingi tangu hapo. Kompyuta nakwenda nayo kila mara, na kila mara narudi nayo.